Riga wa Gulwe bila cheti ni mtaji unaopotea

Mfanyabiashara wa Gulwe amezoea kutazama mambo mawili kabla ya kuagiza mzigo wake wa wiki: mvua na reli. Mvua ikinyesha vizuri, mtama, karanga na alizeti vitapatikana, na mkulima atakuwa na fedha ya sukari, mabati na vitenge. Reli ikipitika, mzigo utafika. Makala haya yanataka kuongeza jambo la tatu ambalo halimo katika daftari la wenye maduka wengi, nalo ni mshahara wa fundi mmoja ambaye watu humwona kila siku kwenye ujenzi lakini hawamjui kwa cheo chake. Fundi huyo ni riga.

Riga ni yule anayefunga mzigo kwenye kulabu ya kreni. Ndiye anayechagua kamba ya waya, mnyororo au mkanda wa kunyanyulia, anayekagua kama umechakaa, anayekadiria uzito na mahali pa kushikia mzigo usipinduke, na mara nyingi ndiye anayempa dereva wa kreni ishara za mkono za kupandisha, kusogeza na kushusha. Dereva amekaa juu kwenye kiti chake, na mara nyingine mzigo haoni kabisa. Macho yake ni riga.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mabaharia wa mwambao walijua kapi na amari karne nyingi kabla ya kreni ya kwanza kuletwa. Reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vyuma vya madaraja yake vilinyanyuliwa na watu waliojua kufunga mzigo. Jipya la miaka hii ni ukubwa wa mizigo na wingi wa kazi. Reli ya kisasa, SGR, imepita Gulwe katika kipande cha Morogoro hadi Makutupora chenye urefu wa kilometa 422, njia za kupishania zikiwamo, na mkataba wake ulisainiwa mwaka 2017. Mihimili ya madaraja, mataruma ya zege, reli zenyewe na nguzo za umeme wa treni vyote vilihitaji kunyanyuliwa. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma Agosti 1, 2024. Abiria leo anapita Gulwe akiangalia dirishani. Vijana waliofunga ile mihimili wako wapi, na wanalipwa kama nani?

UJUZI SI NGUVU ZA MIKONO

Wapo wanaodhani riga ni kibarua mwenye glavu. Tuchukue hesabu ndogo. Mzigo una uzito wa tani 10, na umefungwa kwa kamba mbili zinazokutana kwenye kulabu. Kamba hizo zikiwa wima, kila moja inabeba tani 5. Zikilala kidogo hadi pembe kati ya kamba na mzigo iwe nyuzi 60, kila kamba sasa inavutwa kwa tani 5.8. Zikilala zaidi hadi nyuzi 30, kila kamba inavutwa kwa tani 10 kamili, yaani sawa na uzito wa mzigo wote. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja. Pembe ndiyo imebadilika.

Kamba iliyoandikwa kuwa na uwezo wa tani 6 ingetosha kwa mfungo wa kwanza na wa pili, lakini kwa mfungo wa tatu ni hatari tupu. Anayejua hivyo ni riga. Ongeza upepo wa nyanda za juu za kati, ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua wakati wa kiangazi. Bati pana au ukuta wa zege ulioning'inia hewani hugeuka tanga, na riga ndiye anayepaswa kusema, "Leo hatunyanyui." Uamuzi huo wa mtu mmoja unaweza kuokoa maisha, na vilevile unaweza kuokoa mamilioni ya shilingi ya mkandarasi.

Katika orodha ya kimataifa ya kazi inayotumiwa na Shirika la Kazi Duniani, toleo la mwaka 2008, mariga na wafungaji wa nyaya wana namba yao peke yao, 7215, katika kundi la mafundi stadi. Vibarua wa ujenzi wako kundi jingine kabisa, la 9. Kwa hiyo dunia inawatambua kuwa mafundi. Swali ni kama malipo yetu yanawatambua hivyo.

SHERIA INATAZAMA KAMPUNI, HAITAZAMI FUNDI

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hupanga malipo ya ujenzi kwa kufuata daraja la mkandarasi. Kwa amri ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, kima cha chini kwa mfanyakazi wa mkandarasi wa daraja la kwanza kilikuwa Sh 420,000 kwa mwezi, kutoka Sh 325,000 za amri ya mwaka 2013. Madaraja ya chini yana viwango vya chini yake. Oktoba 2025 serikali ikatangaza nyongeza nyingine, ya wastani wa asilimia 33.4 kwa sekta binafsi yote, kuanzia Januari 1, 2026.

Nyongeza ni jambo jema na mwenye duka ameipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, tazama namna ngazi yenyewe ilivyojengwa. Kinachoamua kiwango ni daraja la kampuni kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ujuzi wa mfanyakazi haumo. Mwenye sepetu na mwenye kufunga mhimili wa tani 10, wakiwa chini ya mkandarasi mmoja, wana sakafu moja ya mshahara. Kila shilingi ambayo riga anapata juu ya sakafu hiyo ni ya kujadiliana mwenyewe, na silaha ya mtu anayejadiliana ni ushahidi wa ujuzi wake. Vijana wengi waliojifunza kazi hii saitini hawana ushahidi huo.

Jambo la pili ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mkataba wa kazi maalumu, ambao huisha kazi hiyo inapoisha. Kwa ujenzi ni utaratibu wa kawaida, na si haki kumlaumu mkandarasi kwa kuutumia. Lakini kwa riga asiye na karatasi, maana yake ni kwamba kila mradi unapokwisha anarudi mwanzo wa ngazi. Amefanya kazi miaka mitatu kwenye madaraja, ameongozwa na msimamizi mgeni aliyemwamini, analipwa vizuri kuliko wenzake. Mradi unaisha. Anafika lango la saiti nyingine, mamia ya kilometa kutoka hapa, na mwajiri mpya hamjui. Anaandikwa kibarua. Miezi sita inapita kabla mtu hajagundua kwamba yule kijana wa sepetu anajua kamba kuliko waliopewa kamba.

Kwa mtu aliyesoma biashara, huu ni uharibifu wa mtaji. Fedha na muda vilishatumika kumfundisha. Kilichokosekana ni hati ya kuuthibitisha mtaji huo ili uweze kuhamishika.

UMRI UNA PENGO KATIKATI

Ukisimama kwenye saiti yoyote kubwa utaona sura ya kazi hii: vijana wa kiume wengi, wazee wachache, na wanawake wachache zaidi. Wanawake utawakuta mara nyingi wakiongoza magari kwa bendera au wakitunza stoo. Kwenye kulabu ni nadra kuwaona, ingawa kusoma jedwali la uzito na kutoa ishara hakuhitaji kifua kipana.

Uchache wa wazee una historia yake. Zamani shule ya mariga ilikuwa reli yenyewe, pamoja na bandari. Gangi la ajali, lile linalokwenda na kreni ya reli kuinua mabehewa yaliyoanguka, lilikuwa na mafundi waliorithishana kazi kutoka enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi Shirika la Reli Tanzania lililofuata baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Miaka ya 1990 ikaja na kupunguza wafanyakazi. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, na mkataba huo ukavunjika mwaka 2011. Katika miaka hiyo yote, vijana wapya wa kurithi kazi waliingia kwa uchache. Fundi alistaafu na ujuzi wake akaenda nao shambani.

Kwa hiyo mradi mkubwa ulipokuja mwaka 2017 ulikuta kijana ambaye hana mzee wa kumfundisha. Mwalimu wake akawa msimamizi kutoka nje ya nchi. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti ajira za wageni inataka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Ni sharti zuri, lakini urithi usioandikwa mahali popote hauna thamani sokoni.

HESABU YA MWENYE DUKA

Huenda msomaji mwenye genge au gesti akauliza, haya yananihusu nini mimi? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mariga 20 wenye makazi yao Gulwe na vijiji vya jirani wako kazini. Wakilipwa kile kiwango cha Sh 420,000 wataleta Sh milioni 8.4 kwa mwezi. Wakilipwa kama mafundi stadi, tuseme Sh 800,000 kila mmoja, wataleta Sh milioni 16. Tofauti ni Sh milioni 7.6 kila mwezi, bila kuongeza ajira hata moja. Hata kama nusu yake itabaki walikofanyia kazi, nusu nyingine itarudi nyumbani ikiwa bati, ada ya shule, mbuzi wa mnadani na mtaji wa duka la mke.

Sasa tazama upande wa hatari. Wafanyabiashara wengi kando ya ujenzi hutoa bidhaa kwa mali kauli hadi siku ya mshahara. Mkopo wa namna hiyo una dhamana moja tu, nayo ni mkataba wa mdaiwa. Mwenye duka anayemkopesha mtu wa mkataba wa kazi maalumu bila kujua kazi hiyo inakwisha lini anafanya kamari. Hali kadhalika mwenye kujenga vyumba vya kupanga kwa kuangalia wingi wa watu wa ujenzi. Ujenzi wa reli husogea mbele. Vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza na Tabora hadi Kigoma vimewavuta watu magharibi, na chumba hakiwezi kuwafuata. Anayebaki Gulwe ni mwenyeji, na ndiye wa kumtegemea. Akipata kazi nzuri Tabora atatuma fedha hapa. Akiandikwa kibarua huko, hata nauli ya kurudi itakuwa shida.

KAZI IPO, NA NYINGINE IKO MLANGONI

Tusidhani kwamba reli mpya ilipokamilika hapa kazi ya kunyanyua imekwisha. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga lina kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, zikipita pia katika mkoa wa Dodoma. Dodoma yenyewe ina Mji wa Serikali Mtumba na Uwanja wa Ndege wa Msalato. Njia kubwa za umeme wa kilovolti 400 nazo zinahitaji watu wa kupandisha vyuma vya minara.

Lakini iliyo karibu zaidi na Gulwe ni reli ya zamani. Kila mfanyabiashara wa hapa anakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, pale maji yalipobomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama kwa miezi. Maji ya Kinyasungwe na Mkondoa hayajaacha tabia yao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa pili wa reli na usafirishaji, ambao sehemu yake kubwa ni kuimarisha njia ya Kilosa, Gulwe na Igandu dhidi ya mafuriko. Madaraja, makalvati na kuta za kuzuia maji havijengwi bila kunyanyua vyuma na zege. Na kila masika yakibomoa, kunyanyua kunaanza upya. Gulwe basi ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako riga ana soko la kudumu mlangoni kwake. Itakuwa aibu kama gari la mkandarasi litashusha mariga kutoka Dar es Salaam huku wenye ujuzi wanachunga ng'ombe kilometa mbili kutoka hapo.

HOJA YA MWAJIRI

Wakandarasi wana hoja yao, nayo isikilizwe. Wanasema ukimpa riga cheti, kesho atadai nyongeza au ataondoka. Wanasema pia zabuni zimebana, na wakandarasi wadogo wa Kitanzania hawana fedha ya kulipa fundi kama kampuni ya kimataifa.

Hoja ya kwanza ni kweli kwa nusu. Fundi mwenye cheti anaweza kuondoka, lakini asiye na cheti naye anaondoka, tena mkandarasi anayemfuata hajui anaajiri nani. Wakandarasi wote wakiwapa hati mafundi wao, wote wataajiri wakiwa na macho. Ya pili inajibiwa na gharama ya kosa. Kreni ya kukodi inalipiwa hata ikiwa imesimama, na mhimili ukianguka, mkandarasi anapoteza mhimili, siku za kazi na jina lake kwa mteja. Mtu akiumia, kuna familia isiyolipika kwa fedha yoyote, na kuna mkono wa sheria: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe. Kamba nzuri iliyokaguliwa mikononi mwa asiyejua pembe bado itakatika. Rahisi ni ghali.

NINI KIFANYIKE

La kwanza liko mikononi mwa riga mwenyewe, na halihitaji bajeti ya serikali. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, ikiwamo kazi anayofanya, na ajira inapokwisha ampe cheti cha utumishi. Riga asikubali kuandikwa "kibarua" au "msaidizi" kwenye karatasi hizo. Ahakikishe imeandikwa kazi aliyofanya, na kwa muda gani. Awe na daftari lake mwenyewe: tarehe, aina ya mzigo, uzito, kreni iliyotumika, sahihi ya msimamizi. Mwenye daftari la namna hiyo haingii lango la saiti mikono mitupu.

La pili ni la VETA. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewasaidia waashi, maseremala na mafundi magari. Uende kwa mariga pia, na mitihani ifanyike Dodoma kabla kazi za Kilosa hadi Igandu hazijapamba moto. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, hivyo wana haki ya kuuliza inawafundisha nani. Na nafasi kadhaa zitengwe kwa wanawake, ili nao wapate mshahara wa kulabu badala ya ule wa bendera.

La tatu ni la amri ya mishahara. Bodi ya mshahara inapokaa tena, ujenzi upangwe pia kwa ujuzi wa mfanyakazi, walau ngazi mbili au tatu, badala ya kutazama daraja la kampuni peke yake.

La nne ni lenu, wasomaji wa ukurasa huu. Kabla ya kutoa mali kauli, omba kuona mkataba na uulize kazi inaisha lini. Kabla ya kuongeza chumba cha gesti, jiulize kama mpangaji wako ni mtu wa msimu. Na mkiwa na chama cha kuweka na kukopa, mkopo wa nauli na ada ya mtihani kwa vijana watano wa hapa ni mdogo kuliko gharama ya paa la chumba kitakachokaa bila mpangaji, na marejesho yake hayategemei ujenzi ubaki Gulwe.

Ujuzi wa riga ulipatikana kwa jasho kwenye madaraja yetu wenyewe. Mihimili imekwishakaa mahali pake. Kilichobaki ni kuuandika ujuzi huo kwenye karatasi kabla mvua nyingine haijashuka na mkandarasi mwingine hajafika akiuliza, "Nani hapa anajua kufunga mzigo?"